Mapigo Mia na Ishirini na Nne

Seabata Lekhanya hakupata kuaibishwa na moyo wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na saba alikuwa nahodha wa kikosi cha uokoaji katika mgodi wa dhahabu wa Free State, Afrika Kusini, na kabla ya kila mteremko yeye ndiye aliyeshika vifundo vya mikono ya watu wake na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Aliyezidi mia alibaki juu. Huo haukuwa ukatili. Mwenye hofu hupumua kwa pupa. Mtungi wa hewa uliokusudiwa kumtosha saa nne humwishia katikati ya safari, na wenzake hulazimika kumbeba yeye badala ya yule waliyemwendea.

"Mdomo huweza kuapa," alizoea kusema. "Mshipa hauapi."

Asubuhi moja ya Julai, umande ukiwa umeganda juu ya nyasi, mwamba uliporomoka na kuwafungia wachimbaji watatu. Mmoja wao alikuwa Hlompho, mdogo wake wa mwisho, ambaye Seabata alimlea tangu mama yao alipozikwa kule Lesotho.

Kanuni ilitaka nahodha naye apimwe na msaidizi wake. Msaidizi huyo alikuwa Makara. Miaka sita nyuma baba yake Makara alifukiwa katika shimo hilohilo. Mapigo ya Makara yalipofika mia na kumi na nane, Seabata alimrudisha mbele ya watu wote, akashuka bila yeye. Mzee alitolewa akiwa maiti. Tangu siku hiyo Makara hakuligusia jambo hilo.

"Mpime upesi, Makara," alitania Thulo, mpasua miamba. "Ntate Seabata, baba yetu, ana jiwe kifuani. Utahesabu mpaka Krismasi usisikie kitu!"

Wakacheka, kwa kuwa hiyo ndiyo silaha yao dhidi ya hofu. Makara alipoinua macho kutoka kwenye saa, kicheko kikakatika.

"Mia na ishirini na nne."

"Rudia."

Seabata akaketi. Akaitoa pumzi polepole, kama apoozaye uji, jinsi alivyowafundisha wengi wakatulia. Lakini kila pumzi ilipofika mwisho wake, aliiona miguu ya Hlompho wa miaka saba ikiburura viatu vya kaka yake.

"Mia na kumi na tisa," alisema Makara. Kisha, mara ya tatu: "Mia na ishirini na mbili."

Akainama, akanong'ona. "Kaka, naandika tisini na nane. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Nitajua, nitanyamaza. Kunyamaza nimeshazoea."

Seabata alilitaka neno lile kama mwenye kiu atakavyo maji. Hakuwa ameomba, alikuwa amepewa, tena na mtu yule ambaye yeye alimnyima. Akawatazama wanne waliokwisha kuvaa mitungi, wote baba za watoto.

"Andika ulichohesabu," alisema. "Kikosi unaongoza wewe. Shukeni, mnapoteza muda."

Kizimba cha kushukia mgodini kikazama. Akabaki kwenye benchi, mate yamemkauka, viganja baridi, mapaja yakitetemeka kwa hamu ya kukimbia. Daktari wa mafunzo aliwahi kuwaeleza kwamba mwili ukiona hatari hujiandaa kupigana au kutoroka. Hakuwaeleza mtu aitumie wapi nguvu hiyo akiambiwa aketi.

Baada ya karibu saa nne kizimba kilirudi. Wawili walitoka wakikohoa. Wa tatu alitoka amefunikwa blanketi.

Makara alivua kinyago cha hewa, akaja kuketi kando yake.

"Tulimkuta anaongea, kaka. Jiwe lilikuwa limemlalia kiuno. Kwa hiki kinyago akadhani mimi ni wewe. Akasema, 'Kaka, nilijua tu utakuja.'"

"Ukamwambia nini?"

"Sikusema kitu. Nikamshika mkono mpaka akaisha."

Seabata akalitazama blanketi.

"Hewa imetutosha kwa shida," Makara aliendelea. "Ungekuwa nasi unahema vile, hawa wawili tusingewatoa."

Kumbe kanuni ilikuwa sahihi. Seabata alijipapasa moyoni akitafuta faraja katika usahihi huo, asiipate. Kwa mazoea tu, kwa kuwa kila shughuli ilipokwisha watu walipimwa tena, alinyoosha mkono. Makara akaushika, akatazama saa.

"Sitini na sita."

"Sasa ningeruhusiwa."

Makara hakuuachia mkono. Wakakaa hivyo, jua la baridi likiwaangukia magotini, na Seabata akajua kwamba huyu amempa mdogo wake kile ambacho yeye hakumpa baba wa mtu.

"Makara. Baba yako alikuwa hai tulipomfikia."

Vidole juu ya mshipa havikusogea.

"Alikuita. Mara mbili. Sikumgusa, nilikuwa natazama kipimo cha mtungi. Nilipotoka nikakuambia tulimkuta amekwisha kufa. Nilijidai nakuhurumia."

Chini ya vidole vya Makara mshipa wa Seabata ulikuwa umeanza kukimbia upya. Makara akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu.