Lebo ya Koti la Lili

Kila asubuhi Philister alipanda basi kutoka Columbia Heights hadi Saint Paul, kumwogesha na kumvika Edith, bibi kizee wa Kiyahudi aliyeikimbia Vienna kabla ya vita. Kabatini mwa Edith lilining'inia koti la sufu la rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, mabega yake yameshonwa kwa namna ambayo Philister hakuwahi kuiona. Lilibuniwa na Lili, dada yake Edith.

Lili alikuwa na duka la nguo huko Vienna. Wanazi wakamnyang'anya, wakachoma michoro yake yote uani, duka wakampa mtu wao. Huyo hakushona hata kifungo. Alifumua lebo za Lili kwenye makoti yaliyobaki, akatia zenye jina lake. Edith akaingia kama mteja yeyote, akanunua moja, akaondoka nalo nchini. Lili alipakiwa kwenye treni, hakurudi.

"Unavaaje jina la mwizi, Mama Edith?" Philister alimuuliza siku moja.

Edith alicheka kicheko kikavu, akasema shingo imeshazoea kukwaruzwa.

Majira ya baridi ya 1995, jumba moja la makumbusho mjini Minneapolis likaliomba koti hilo. Jina la Lili lingeandikwa ukutani watu walisome. Edith, ambaye hakubakiwa na ndugu yeyote, akaanza tena kumaliza chakula chake.

Philister aliona aibu koti liende na uchafu ule wa jina la mwizi. Kwao, jina la aliyeua mtu wa ukoo halikuachwa likae ndani ya nyumba. Akamsimulia Rahab, aliyekuwa akiishi naye.

"Si utoe tu hiyo takataka," Rahab akasema. "Ama unangoja huyo mzee aitoe na hiyo mikono ya kutetemeka?"

Basi siku ambayo wageni wa makumbusho wangekuja kulichukua koti, Edith akiwa bado usingizini, Philister akashika wembe, akafumua uzi taratibu, akaitupa lebo. Gari la taka likaja, likaenda zake.

Mama wa makumbusho alivaa glavu nyeupe, akafunua kola, akatafuta lebo asiione. Kisha akaeleza kwa upole. Lebo ile ndiyo ingethibitisha kwamba koti lilitoka duka lile, na duka hilo, kabla ya kunyang'anywa, lilikuwa la Lili. Hapakuwa na ushahidi mwingine. Wangelipokea, lakini kadi ingesema mbunifu hajulikani.

Philister akasema ni yeye aliyeifumua. Alidhani analisafisha.

Edith hakumkaripia. Alipapasa matundu ya sindano ndani ya kola.

"Maisha yangu yote nimemchukia mtu yule," akasema. "Kumbe ndiye pekee aliyebaki kumtolea ushahidi dada yangu."

Mgeni akauliza kama aliache koti.

"Lichukue. Na uandike hivyo hivyo, hajulikani. Ndivyo walivyotaka wale waliochoma michoro yake."

Koti likakunjwa, likatiwa sandukuni. Wakati wa dawa ulikuwa umefika. Philister akamimina maji, na Edith akanywa bila kumtazama.