Wazee Watatu Wenye Jina la Upepo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimehamishwa kazi. Nililala nikiwa mnakili wa barua za kale za Kiingereza katika maktaba moja ya Tanga. Ndotoni nimewekwa kwenye dirisha la vitambulisho, na foleni imefika barabarani.

Mbele wamesimama wazee watatu, jua kali, wao wamevaa makoti. Nikawatambua papo hapo. Ni yale maneno matatu ya Kiingereza cha kale, yote yenye maana ya upepo, niliyoyakata mchana kwa kalamu nyekundu, maana mkuu wangu, Bwana Shemweta, hataki tahajia za zamani.

"Majina?" nauliza.

"Winde."

"Wynd."

"Wynde," asema mkubwa wao, na fomu zangu zote zinapeperuka.

"Mnahusiana vipi?"

"Tu mtu mmoja, mwanangu. Kila mwandishi alituandika alivyoona yeye."

"Basi majina hayalingani. Nendeni mahakamani mkaape kwamba ni mtu mmoja, mrudi Jumatatu."

Muhuri wangu ukakohoa. "Na picha sita," ukasema. "Sina mchezo mimi."

"Tungengoja," akasema Wynde, "ila tumetumwa kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mama yako."

Nageuka. Pale palipokuwa na makabati pana chumba chetu cha Ngamiani. Mama amekaa kitandani, ameegemea mito mitatu, pumu imembana. Mabega yanapanda na kushuka, hewa haiji. Mwezi wa pili huu hajaweza kulala chali. Loo, nilivyojiona mjinga! Mama yangu anaishiwa pumzi, nami nadai kiapo!

"Piteni!"

"Majina hayalingani," muhuri ukakumbusha.

"Hebu nyamaza! Bibi yangu hospitali walimwandika Fatuma, kwenye kadi ya kura Fatma, na msikitini wakamtangaza Mwanafatu. Aliyenilea ni yule yule. Piteni, wazee wangu, piteni mlivyo!"

Wakavua makoti, wakaniachia niyashike, wakaingia mmoja mmoja kwa adabu. Pazia likatikisika. Mabega ya mama yakashuka, yakatulia. Nikashindwa kujizuia, nikalia mbele ya foleni nzima.

"Asanteni! Jamani, asanteni sana!"

"Tushukuru sisi," akasema Wynde. "Zamani sana hatujaambiwa piteni."

Nikaamka, kumekucha. Mama amelala chali kwa mto mmoja, anapumua taratibu. Mito miwili iko chini. Nikakaa hapo hapo sakafuni, nikasema alhamdulillahi mpaka sauti ikanikauka.

Akafumbua macho.

"Mwanahawa, wageni wako umewaacha waondoke bila hata chai? Aibu gani hii, mwanangu! Yule mkubwa wao, maskini, na mkono wake wa baridi, kanishika mpaka usingizi ukanichukua."