Jina la Kituo Lililoachwa Wazi

Mama Mlezi aliusikia uvumi dukani akinunua sabuni: eti kituo chake cha watoto kinauza picha za watoto. Alicheka, lakini neno lilimganda.

Siku ya nne wifi yake, ambaye mwanawe alilelewa pale, aliingia kituoni bila hodi, simu mkononi.

"Wifi, si uliniandikia mwenyewe? Ulitaka picha ya mwanangu, njia anayopita kuja hapa na jina la anayemchukua. Nikatuma vyote!"

Barua pepe ilibeba anwani ya kituo, herufi kwa herufi. Mama Mlezi hakuiandika yeye.

Akamwita binti yake, aliyewatengenezea tovuti. Binti hakukaa hata kitako.

"Mama, nilikwambia tulifunge jina letu la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani. Likifungwa, barua ya mwongo anayelitumia inakataliwa kabla haijamfikia mtu. Ukasema niache, tutalifunga wiki ijayo."

Kweli alisema. Mwaka jana walipolifunga, tangazo lake mwenyewe la likizo lilikataliwa kwa kuwa hawakuwa wameorodhesha wanaoruhusiwa kutuma, wazazi wakajazana getini na watoto wao, akaona aibu ya mwaka. "Weka ile ya kutazama tu, isiyokataa barua," aliamuru. Tangu hapo kila asubuhi iliingia taarifa ya nani katumia jina la kituo. Yeye alizifuta bila kuzifungua. Takataka, alisema.

"Zilikuwa zinasemaje?" aliuliza, binti akizifungua zile zilizofutwa.

"Kwamba kuna mtu anajifanya wewe. Wiki ya tano hii."

Binti aliandika orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, akajaribu, akalifunga. Saa moja tu! Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akamfuata wifi yake chumba cha watoto. "Matapeli hawakuvunja mlango, wifi. Mimi niliuacha wazi."

"Wewe ni ndugu, nitakusamehe," wifi alisema bila kumtazama. "Ila mwanangu sitamwacha tena hapa."

Kibegi cha mtoto kikatoka msumarini. Kwenye msumari uleule Mama Mlezi akatundika karatasi:

Usiache jina lako la mtandaoni bila kufungwa.
Usiridhike na kutazama tu.
Usifute taarifa usiyoisoma.
Usitume picha ya mtoto wala njia yake kwa barua pepe, hata ukiombwa kwa jina langu. Nipigie.
Usiseme "wiki ijayo". Mimi nilisema.