Faili Lililoangusha Seva

Nani huyo anayebonyeza? Ndilo swali nililokuwa nikifoka nalo tangu asubuhi, na hakuna aliyenijibu. Seva ya hospitali inaanguka, naiamsha, watu wa mapokezi wanashangilia, na kabla sijakaa vizuri, pu! Chini tena. Fundi wa kanzidata hapa ni mimi peke yangu, na mdomo wangu wote wanaujua.

"Labda virusi," akasema meneja, amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Virusi vya nini, jamani! Niache nisome."

Seva huandika kila inachofanya, hata ikiwa inakata roho. Nikasoma maneno yake ya mwisho kabla ya kila anguko, yakawa yale yale. Ilitaka kufungua ukurasa mmoja ndani ya diski, ikakuta yaliyomo yamevurugika, ikajizima. Ukurasa ule ule, kila mara. Data ilikuwa imeoza mahali pamoja, na kuna mtu aliyekuwa anapatonesha hapo hapo bila kuchoka.

Nikainama chini ya meza kuikagua betri inayoishikilia seva umeme ukikatika. Mungu wangu! Pembeni ya waya wa seva kulikuwa kumechomekwa birika la umeme. Kumbe wiki iliyopita, umeme ulipokatika, betri ilizidiwa na seva ikazimika katikati ya kuandika. Nikageuka polepole. Mwenye birika bado alikuwa na kikombe mkononi.

"Kwenye soketi hii umeme haukatiki," akasema.

Nikapiga simu wodi ya upasuaji, maana faili la mgonjwa lililokuwa kwenye ukurasa ule lilikuwa likifunguliwa kutoka kompyuta yao. Akapokea mdogo wangu, nesi wa pale.

"Kumbe ni wewe? Acha hilo faili! Kila ukilifungua unaangusha hospitali nzima!"

"Dada, ni la baba."

"Baba gani?"

"Baba yetu! Kidole tumbo. Wamemleta asubuhi, nakupigia hupokei. Daktari anataka kumchoma antibayotiki ndipo ampasue. Nimemwambia kuna dawa ilishawahi kumvimbisha, ila jina silijui, wakati ule nilikuwa chuoni. Wewe unalijua?"

Sikulijua. Nilikumbuka uso wake tu, ulivyofura hata macho hayaonekani. Na baba mwenyewe ukimuuliza, atakwambia yeye ni chuma, hajawahi kudhurika na dawa yoyote.

Nikafungua nakala za akiba. Ya jana imeoza, ya juzi imeoza, za wiki nzima zimeoza. Tulikuwa tunanakili uozo kila siku na kuuwekea alama ya kijani, tukalala usingizi mnono. Za zamani zaidi hujifuta zenyewe, ikabaki nakala moja tu, niliyoitunza siku tulipohamia jengo hili. Hiyo ilikuwa nzima. Nikauweka kando ukurasa mbovu, nikapachika ule wa zamani mahali pake, na seva ikasimama.

"Limefunguka!" mdogo wangu akapiga kelele kwenye simu. "Mzio: hakuna. Daktari anasema basi mimi nimechanganya mambo. Asante, dada!" Akakata.

Meneja akanipigapiga begani. Nikaegemea kiti, nikavuta pumzi, na hapo ndipo nikaikumbuka harufu ya rangi. Siku baba alipovimba, kuta za jengo hili zilikuwa bado mbichi. Niliegemea ukuta nikimlilia, blauzi yangu ikachafuka, na doa lile halijatoka mpaka leo. Tulikuwa tumeshahamia. Nakala ile ilisema hana mzio kwa sababu ilitengenezwa kabla baba hajapatwa na lolote.

Nikapiga simu. Haikupokewa. Nikavua viatu, nikapanda ngazi mbio kama mwizi.

"Daktari, acha!"

Bomba la sindano lilikuwa limeshausogelea mkono wa baba. Daktari akanitazama kana kwamba nimepandwa na wazimu.

"Mfumo unasema hana mzio. Si wewe unayetuambia kila siku kwamba mfumo haukosei?"

"Umekosea! Mimi ndiye niliyeupa maneno ya zamani! Usimchome!"

"Basi nitajie dawa yenyewe. Kidole tumbo hakitusubiri."

Mdogo wangu alishanipisha kwenye kompyuta. Nikaingia kwenye seva, nikauchukua ule ukurasa mbovu niliouweka kando, nikausoma ulivyo. Takataka tupu. Alama zisizosomeka, nusu ya jina la mgonjwa mwingine, tarehe isiyo na mwaka. Macho yalinijaa machozi, nikayafuta kwa kiganja, nikaendelea kushuka. Katikati ya taka zile kulikuwa na herufi chache zilizosalimika: uso kuvimba, pumzi kubana, penisilini.

"Penisilini," nikasema.

Daktari akaligeuza lile bomba, akasoma kibandiko chake, akakisoma tena. Kisha akaliweka kwenye trei taratibu, kama anaogopa lisije likamwagika, na paji lake la uso lilikuwa limelowa jasho. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mbona mmenyamaza?" baba akauliza kutoka kitandani. "Na wewe, viatu vyako viko wapi?"

Nikakaa chini pale pale sakafuni, nikalia kwa kwikwi mbele ya wodi nzima.