Betri ya Gharib

Msabah wa Sokomuhogo hakuzaliwa na shuku; zilimjia na uchaguzi. Ule wa hamsini na saba ulipokwisha, mtaa uligawika. Chama hiki baraza lake hili na kahawa yake, chama kile baraza lake lile na kahawa yake, na watu waliokuwa wakila sinia moja wakawa hawapeani hata kaa la moto. Mambo gani hayo, Waislamu!

Basi Alhamisi moja adhuhuri, Gharib wa baraza la pili alipobisha hodi mlango wa uani, kabeba kitu ndani ya gunia, Msabah alijisemea moyoni: huyu ana lake jambo.

Zamani Gharib alikuwa mtu wa nyumba ile. Yeye na Hamad, kaka yake Msabah, waliokota pikipiki kuukuu ya Kiingereza, vipande vipande, wakaanza kuiunga pale uani. Hamad akafa kwa homa, pikipiki haijaisha kuungwa. Msabah akaishika kazi ile kwa ajili ya nduguye, akatafuta chuma hapa na mpira pale, mpaka ikakamilika yote isipokuwa betri, ambayo ilikuwa maiti. Na sasa mkewe, Bi Shemsa, alikuwa amekata shauri.

"Baba Mwanakheir," alimwambia asubuhi ile, "kesho masufuria ya harusi ya mwanao yanaingia ua huu. Chuma hichi leo kitatoka kinaguruma, au kitatoka juu ya gari la mahamali kwenda kwa mnunua vyuma. Mie nshachoka."

Gharib alilitua gunia chini taratibu. "Nimesikia mahamali washaitwa. Nimekuletea betri ya redio ya barazani kwetu. Nimetoka nayo kuitia chaji, na nguvu yake ni sawa na ya pikipiki. Iwashe, Bi Shemsa asikie, kisha nirudishie alasiri. Lakini siri, ndugu yangu. Wenzangu wakijua nimeileta huku, mimi sina baraza tena."

Akaenda zake upesi, hata maji hakunywa.

Msabah akabaki na gunia. Ikiwa ni jambo la heri, siri ya nini? Mtu wa chama kile amsaidie yeye, siku hizi, bure bileshi? Hata! Alikwisha kusikia habari za betri zilizoripuka zikamwagia watu tindikali machoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaliinamia gunia, akalinusa, kisha akalisukuma kwa mpini wa ufagio.

Bi Shemsa akaangua kicheko. "Unaogopa betri au unamwogopa Gharib?"

"Vyote viwili," akajibu, wala hakuona haya.

Akafanya alichoona ni busara: akaenda barazani kwao kuita mashahidi. Wakaja wenzake Mkubwa na Abdulla, na nyuma yao baraza zima, wengine na vikombe mkononi. Mlango akauacha wazi, wapita njia nao waone.

"Jamaa, shuhudieni! Betri hii kaniletea Gharib. Ikinipofua, mjue pa kwenda kuuliza!"

Akaitoa guniani. Kila mtu aliijua betri ile, kwa kishikio chake cha kamba ya usumba wa nazi alichokisuka Gharib mwenyewe. Kila wiki alipita nayo mbele ya mabaraza yote mawili. Watu wakatazamana.

Msabah akafunga nyaya huku uso kaugeuza pembeni, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Nilisema mimi! Nilisema!"

"Hujafungua petroli, bwana," akasema Mkubwa.

Kweli, kwa hofu alisahau. Akafungua, akapiga kiki kwa nguvu zote. Pikipiki ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikaguruma mpaka kuku wakaruka ukuta. Bi Shemsa alipiga vigelegele. Msabah alilia hadharani, mtu mzima yule, akimwita Hamad kwa jina.

Alipofuta machozi akamwona Miraji, kiongozi wa baraza la kina Gharib, kasimama mlangoni. Hakuwa akiitazama pikipiki. Alikuwa akiitazama kamba ya usumba.

Miraji akaingia bila hodi, akang'oa nyaya kwa mkono wake, akaibeba betri akatoka nayo. Ngurumo ikakatika.

Baada ya sala ya magharibi, redio ilikuwa ikisema barazani kwa Miraji, na nafasi ya Gharib kaikalia mwingine. Gharib alikuwa kizingitini kwake, peke yake. Muuza kahawa alimpita kama hakumwona. Msabah akamwendea.

"Asalamu alaykum."

"Waalaykum salaam," Gharib akaitikia.

"Nisamehe, Gharib. Nilikudhania vibaya. Niliogopa itaripuka."

Gharib akampisha nafasi kizingitini. "Niliisikia pikipiki. Nilisimama nyuma ya ukuta wenu. Uliposhindwa kiki ya kwanza, nikajua hukufungua petroli." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Uliogopa itaripuka. Si ungeniita, Msabah? Ningeiwasha mimi, ikiripuka inirukie mimi. Pikipiki ile yangu pia."

Msabah akakaa kizingitini, karibu naye. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga.

Kutoka baraza lake mwenyewe ikaja sauti ya Mkubwa, kali: "Msabah! Unafanya nini hapo na huyo?"

Wote walikuwa wamegeuka wakimtazama. Aliyajua macho yale ya shuku. Mchana kutwa yalikuwa yake.

"Nenda," Gharib akamwambia pole pole. "Nenda, ndugu yangu, usije nawe ukakosa baraza."

Na Msabah, kwa aibu yake, akanyanyuka akaenda.