Tusi la Yéro Barry

Asubuhi Korotimi Sanou alifungua ghala la chanjo la nchi za kanda, pale mjini Banfora, akakagua chumba baridi. Mashine zilinguruma vizuri. Rafu zote zilikuwa tupu. Kisha akammiminia Yéro Barry uji baridi wa mtama na tangawizi, kwa kuwa Yéro, dereva wa ghala aliyekufa kwa homa ya mlipuko mwezi uliopita, alikuwa amekwisha kuketi dirishani.

"We Mbobo," alisema Yéro, "umelewa pombe ya mtama tangu alfajiri, hata kumsalimu bwana wako huwezi?"

Korotimi alimsogezea uji tu, bila kumrudishia tusi.

Wabobo na Wafulani ni watani. Mfulani akifa, mtani wake Mbobo humzuia kando ya kaburi, akamtukana mpaka waombolezaji wacheke, ndipo maiti aende. Lakini Yéro alizikwa na watu waliojifunika plastiki mwili mzima, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea karibu. Basi alikuja kazini kila siku kungoja tusi lake. Korotimi alijua akilitoa, Yéro ataondoka, na alikuwa amemzoea mno.

Mchana mawaziri wa afya wa kanda walikutana kwenye skrini ya ghala. Nchi zao zilikuwa zimechanga na kununua chanjo kwa pamoja, kama walivyokubaliana. Msemaji wa kiwanda cha ng'ambo aliomba radhi: nchi za mbali, ambako homa haijafika, zimetangulizwa.

Yéro aliinamia kamera. "Mimi ndiye dereva wa kuzipeleka mpakani. Nimengoja mpaka nimekufa. Binti yangu bado anangoja."

Mwenyekiti alimshukuru marehemu kwa mchango wake. Kikao kikaahirishwa.

Yéro alirudi kitini, mabega yamelegea. Korotimi akaona kwamba kumweka pale ni kumchosha tu.

"Mfulani mwizi wa ng'ombe!" alisema. "Hata kufa hujui! Umejibanza hapa kama ndama aliyesahau zizi. Toka, unaninukia maziwa!"

Yéro alicheka mpaka akashika mbavu. "Hatimaye, mtumwa wangu," alisema kwa upole. Akavaa ndara, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni Dikko, binti wa Yéro, alikuja getini.

"Shangazi, baba yuko?"

"Ameenda, mwanangu. Ameenda akicheka."

"Na chanjo?"

"Bado."

Mtoto alisema miguu inamuuma. Korotimi akambeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge, wakashika njia ya zahanati. Joto kali la Dikko likapenya kitenge na blauzi, likamfikia ngozini. Korotimi akakaza fundo, mtoto asije akaanguka.