Masale ya Langoni

Hafsa alipopata kazi ya kutunza makaburi ya zamani, mama mkwe wake wa Makorora alimuuliza, "Utalea mtoto ama utalea wafu?"

"Wote, mama. Wafu hawalii."

Miezi minane baadaye pale pamekuwa bustani ya watu. Wanafunzi hujisomea kwenye mabenchi, maharusi hupiga picha penye asumini, na mama mkwe mwenyewe haikosi Ijumaa, na kashata zake kwenye kibakuli.

Lakini kilichompa Hafsa jina ni lango. Kule nyuma alikuta kichaka cha majani marefu yaliyochongoka, kimesimama peke yake bila mpango. Akaking'oa, akatenganisha mashina yake, akayapanda safu mbili langoni. Yakashika, yakapendeza, na yeye kichwa kikamvimba kidogo.

Asubuhi moja anafyeka, Samiha wake amelala mgongoni ndani ya kanga, akaingia mama mtu mzima aliyevaa viatu vya kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Benedikta, natoka Moshi. Baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge, kalala humu. Jiwe hatukuweza. Mama alimpandia masale tu, akaniambia, ukiyaona masale, baba yako yupo hapo." Akageuka kutazama lango. "Sasa mbona yamepanga gwaride? Baba ni yupi hapa?"

Fyekeo likamponyoka Hafsa. Kwao kaburi hujulikana kwa mashahidi, vile vijiwe vya kichwani na miguuni. Nani angemwambia kwamba wapo watu ambao shahidi wao ni mmea?

Angeweza kusema hajui. Masale hayasemi. Lakini mama wa watu katoka Moshi! Akaenda langoni, akachuma jani moja, akarudi nalo mkononi.

"Ni haya, mama? Basi ni mimi niliyeyang'oa. Nilidhani pambo. Niwie radhi."

Benedikta akalitazama lile jani, akamtazama na yeye, kisha akaangua kicheko hata Samiha akaamka.

"Nani kakufundisha wewe?"

"Kunifundisha nini tena?"

"Kwetu mtu akikujia na sale mkononi kuomba radhi, huna ujanja, unasamehe. Hata kama kakuchomea nyumba! Umeniwahi, mtoto wa pwani." Akalipokea. "Haya, nimesamehe. Lakini baba yangu namtaka."

Wakaenda nyuma. Nyasi tupu, kama zulia. Hafsa akazunguka mpaka alipofika karibu na benchi la mwisho akasimama ghafla.

"Mama! Hapa pana kitu hakikubali kufa. Kila juma nakifyeka, kila juma kinachomoza. Juzi nimekitukana!"

Wakapiga magoti, wakazitenga nyasi. Ncha tatu za kijani, mbichi, zimechongoka vilevile.

"Ndiye huyo," Benedikta akanong'ona, machozi na kicheko vimechanganyika. "Mbishi! Mama alisema hata meneja hakumuweza." Akaweka kiganja juu ya udongo. "Shikamoo, baba. Nimechelewa."

Hafsa akaleta vijiwe viwili, akasita. "Naruhusiwa, mama? Mashahidi ya kwetu."

"Weka, mwanangu. Hapa anahitaji walinzi. Si unalo fyekeo wewe?"

Hafsa akacheka, akaweka kimoja huku na kimoja kule. Kisha akalichukua fyekeo lake, akaendelea na kazi, akipita mbali kabisa na karani.